Muflisi na Mfilisi: Historia ya Sheria ya Wadeni Katika Mwambao wa Afrika ya Mashariki

Kiswahili kina maneno mawili yanayokaribiana sana kwa sauti na kuachana kabisa kwa maana, nayo ni muflisi na mfilisi. Muflisi ni mtu aliyeishiwa na mali, asiyeweza kulipa anayodaiwa. Mfilisi ni yule anayeishika mali ya mwenziwe na kuiuza ili wadai walipwe. Mu- ya neno la kwanza si kiambishi cha Kibantu, bali imekuja pamoja na neno lenyewe kutoka Kiarabu. M- ya neno la pili ni yetu hasa, nayo imetiwa juu ya shina filisi, kama vile hubiri lilivyozaa mhubiri. Katika tofauti hiyo ndogo imo historia ndefu ya sheria.

Asili ya maneno yote mawili ni fals, sarafu ndogo ya shaba. Wataalamu wa lugha ya Kiarabu wameieleza maana yake kwa njia mbili: ama muflisi ni mtu aliyekuwa na dinari na dirhamu akabakiwa na sarafu za shaba tu, ama ni mtu aliyefikia hali ya kuambiwa kwamba hana hata falsi moja. Kitendo hicho, aflasa, hutaja hali inayompata mtu mwenyewe. Lakini kiko kitendo cha pili, fallasa, ambacho mtendaji wake ni kadhi: yeye ndiye anayemtangaza mtu kuwa muflisi, na tangazo hilo huitwa taflisi. Kitenzi cha Kiswahili, filisi, kimeelekea upande huu wa pili, na tena kimepita mbele yake. Kwani katika mazungumzo ya watu anayefilisi hatangazi hali ya mtu, bali humwondolea mali yake.

Sheria iliyotumiwa na makadhi wa Kishafii wa mwambao ilikuwa na mpango uliokamilika juu ya jambo hili. Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ina mlango mzima wa taflisi. Madeni yakiwa yamekwisha kuiva na kuzidi mali ya mdeni, na wadai wakiomba, kadhi humwekea mdeni hajri, yaani humzuia asiuze wala asitoe mali yake. Kisha mali huuzwa, na fedha hugawanywa kwa kadiri ya deni la kila mdai. Mpaka siku ya mgawanyo mdeni na watu wake hulishwa kutokana na mali ile ile. Nyumba yake yaweza kuuzwa, lakini huachiwa nguo za kuvaa. Baada ya hapo halazimishwi kufanya kazi wala kujiajiri ili kulipa baki. Na aliyethibitika kuwa hana kitu hafungwi, bali hupewa muda mpaka apate nafasi, kwa kufuata aya ya 280 ya sura ya pili ya Kurani.

Hata hivyo, huruma ya sheria hiyo ilikuwa na mpaka wake. Ilimpa mdeni muda, haikumfutia deni. Baki ilimngoja, na akifa ilitangulia kulipwa kabla ya warithi kupata chochote. Mwenye haki ya kusamehe alikuwa mdai peke yake, kwa hiari yake.

Sheria ya Uingereza ilianza kinyume cha hayo. Sheria ya kwanza, ya mwaka 1542, ilimhesabu mdeni aliyeshindwa kuwa kama mhalifu, na ile ya mwaka 1570 iliwahusu wafanya biashara tu. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1705, pale ilipowekwa kwamba mfanya biashara aliyejitoa mbele ya sheria na kuonyesha mali yake yote aweza kupewa hati ya kumwondolea madeni yaliyobaki. Na aliyeficha mali kwa udanganyifu aliweza kunyongwa. Watu wasiokuwa wafanya biashara waliingizwa katika mpango huo mwaka 1861, na kifungo kwa ajili ya deni kilipunguzwa sana mwaka 1869. Basi sheria iliyoanza kwa ukali ndiyo iliyofikia kufuta deni, na ile iliyoanza kwa upole ilikomea katika kungoja.

Sheria hizi mbili zilikutana Unguja. Tangu mwaka 1866 konsuli wa Uingereza alikuwa na mahakama yake juu ya raia wa dola ya Kiingereza, na miongoni mwao walikuwamo wafanya biashara wengi wa Kihindi. Raia wa Sultani walibaki chini ya mahakama za Sultani. Wadai wa wenye mashamba ya karafuu hawakutegemea taflisi. Walitegemea rehani, na bei ya hiyari: mwenye shamba alimwuzia mdai shamba lake kwa sharti kwamba akirudisha fedha litamrudia, na huku akiendelea kukaa humo kwa kulipa kodi. Kodi hiyo ilisimama mahali pa riba. Kwa hiyo mtu aliweza kuonekana na watu wote kuwa ni mwenye shamba, na hali shamba limekwisha kuuzwa.

Dhoruba ya mwaka 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja, kisha amri ya mwaka 1897 iliyoondoa utumwa katika sheria, na baadaye kushuka kwa bei ya karafuu baada ya mwaka 1929, yote yalizidisha mzigo huo. Mwaka 1934 serikali ilisimamisha kwa muda madai ya madeni ya Waarabu na Waafrika, na kuzuia ardhi yao isihamishwe kwa watu wa jamii nyingine bila ya idhini. Ugomvi wa biashara ya karafuu uliofuata ulifikia kilele katika mgomo wa wafanya biashara wa Kihindi wa miaka 1937 na 1938. Yafaa kuangaliwa kwamba dawa iliyotumiwa mwaka 1934 ilikuwa ile ile ya kadhi, yaani kungoja. Tofauti ni kwamba safari hii muda haukupewa mtu mmoja baada ya kuchunguzwa hali yake, bali jamii nzima kwa pamoja.

Bara mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Tanganyika, sheria ya mwaka 1923 iliweka kwamba deni la Mwafrika kwa mtu asiyekuwa Mwafrika halidaiki mahakamani isipokuwa limeandikwa na kukubaliwa na mtawala. Mwaka 1930 Tanganyika na Kenya zilipata sheria za kufilisika zilizofuata mfano wa Uingereza: ombi hupelekwa mahakamani, mali hushikwa na afisa wa serikali, wadai hukutana, mdeni huhojiwa hadharani, na mwishowe mahakama yaweza kumwondolea madeni, au kuchelewesha, au kukataa. Lakini mlango huo wa kutokea haukuwa na maana kubwa kwa Waafrika walio wengi, kwa kuwa asiyeruhusiwa kukopa hawezi kufilisika.

Baada ya uhuru sheria hizo ziliendelea. Uganda iliibadilisha yake mwaka 2011, na Kenya mwaka 2015. Sheria mpya ya Kenya imeweka njia za kupatana na wadai na za kulipa kwa mafungu, na njia maalum kwa mtu asiye na mali kabisa. Na muflisi wa kawaida huondolewa madeni yake baada ya miaka mitatu.

Lakini lugha haijaifuata sheria. Kusamehewa ni tendo la mdai, nalo hutoka moyoni mwake, na hali mahakama huweza kufuta deni hata mdai akinung'unika. Kuachiliwa ni neno la mfungwa. Na filisi lenyewe limezidi kwenda upande wa adhabu, hata watu husema kwamba mhalifu aliyenyang'anywa mali na serikali amefilisiwa. Methali nayo imeshika njia moja tu: dawa ya deni ni kulipa. Basi mdeni anayeambiwa leo kwamba aende mahakamani akafilisike husikia jina la mfilisi anayekuja kuchukua, wala hasikii kwamba mwisho wa safari ile upo mlango. Neno la kuutaja mlango huo, lisilokuwa la gereza wala la hisani, bado halijapatikana; na mpaka lipatikane, sheria itawafaa zaidi wale wanaoweza kuisoma kwa Kiingereza.