Kabla ya kulaumu koili: historia ya 'nguvu' katika lugha ya stima

Mtaani Lucky Summer, katika eneobunge la Ruaraka, hutakosa kusikia kauli tatu zinazofanana. "Leo stima haina nguvu," asema mpangaji ambaye balbu yake imefifia. "Waya hii haina nguvu," fundi aonya akiitazama ekstensheni iliyoanza kuyeyuka. "Koili yako ina nguvu sana, inakula tokeni," jirani alalamika. Neno ni moja, lakini linabeba mambo matatu tofauti. Wa kwanza anazungumzia volti, wa pili ampea, wa tatu wati.

Wapo watakaosema huo ni upungufu wa Kiswahili. Historia inakataa.

Tuanze na neno lenyewe, stima. Asili yake ni Kiingereza, na mwanzoni lilihusu mvuke na meli zilizoendeshwa kwa mvuke. Umeme ulipoanza kuuzwa mijini, mitambo mingi ya kuuzalisha duniani ilizungushwa kwa mvuke. Mombasa ilipata kampuni yake ya umeme mwaka wa 1908. Mwaka wa 1922 ikaunganishwa na ya Nairobi, ikazaliwa East African Power and Lighting. Jina la mashine likahamia kwa kile kinachopita ndani ya waya, na Mkenya akabaki na stima. Mtanzania naye alichukua umeme, neno la kile kimulimuli cha mawinguni wakati wa mvua.

Sasa tuvuke hadi Ujerumani. Mwaka wa 1827, Georg Simon Ohm, aliyekuwa mwalimu wa hisabati na fizikia mjini Cologne, alichapisha kitabu kilichoeleza uhusiano ambao leo kila mwanafunzi wa sekondari huukariri: volti ni sawa na ampea mara ukinzani. Hata hivyo, Ohm hakuwa na istilahi hizi. Kile tunachokipima kwa volti alikiita kwa neno la Kijerumani *Kraft*, yaani nguvu! Alitatizwa na neno lile lile linalotutatiza sisi.

Kwa miaka mingi wataalamu wa Ulaya walipima ukinzani kwa vipimo tofauti, kila upande na chake. Ni mwaka wa 1881, katika kongamano la kimataifa mjini Paris, walipokubaliana kutumia omu, volti na ampea. Mwaka uliofuata, William Siemens alipendekeza wati, kwa heshima ya James Watt aliyeboresha injini ya mvuke. Kwa hiyo wati na stima, ukizifuata nyuma, zinakutana kwenye mvuke ule ule.

Kiswahili nacho kimefanya kazi yake. Vipimo tumevikopa, lakini dhana zenyewe tumezipa majina ya nyumbani. Mkondo, neno la maji yaendayo kasi, ndilo tunalolitumia kwa umeme unaopita kwenye waya. Ukinzani umetokana na kitenzi kinza, yaani kuzuia au kupinga. Fizikia ya Kiswahili imetenga hata kani, ile inayosukuma au kuvuta kitu, na nguvu, ambayo ni kasi ya kufanya kazi na hupimwa kwa wati. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990.

Tofauti hizi zina pesa ndani yake. Chukua koili inayovuta ampea 10 kwenye stima ya volti 240. Gawanya volti kwa ampea: ukinzani ni omu 24. Zidisha volti kwa ampea: nguvu ni wati 2,400. Sasa tuseme jioni, kila nyumba inapopika, volti zinashuka hadi 180. Ukinzani wa koili haubadiliki sana, basi mkondo unakuwa 180 gawanya kwa 24, yaani ampea 7.5. Nguvu inabaki wati 1,350. Volti zimepungua kwa robo tu, ilhali nguvu imepungua kwa karibu nusu. Maharagwe yanakataa kuiva, mama mwenye nyumba anasema koili imechoka, kesho yake ananunua nyingine. Koili haikuwa na kosa.

Tofauti hizi zinaweza pia kuokoa nyumba. Soketi zetu za kawaida ni za ampea 13. Zidisha kwa 240 upate wati 3,120. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 kwenye ekstensheni moja ni wati 3,200; mpaka umeshavukwa. Na ikiwa waya ya ekstensheni ni nyembamba, itapata moto hata kabla ya hapo.

Kijana wa kidato cha tatu anaijua hesabu hii, ila aliisoma kwa Kiingereza. Akifika nyumbani kuwaeleza wenzake, anarudi kwenye "nguvu". Hakuna haja ya kumnyang'anya mtu stima yake; neno hilo limeshakuwa letu. Tunachohitaji ni kusema "volti zimeshuka", "waya hii haibebi ampea hizo" na "koili hii ni ya wati 2,400". Fundi ataelewa, na mpangaji atajua pa kuanzia kabla ya kununua koili nyingine.