Mbwa Tulizoacha Kando ya Ziwa: Historia Fupi ya Mbwa za Kuwinda Ngulube



Kwenye mkutano wetu uliopita mama mmoja alisimama akasema maneno machache tu: «Miye nililima miezi tisa, ngulube za pori zikamaliza kwa usiku mbili.» Akakaa. Hakuna aliyemjibu haraka, ju ya karibu kila mtu mle ndani alikuwa na shamba lake lililochimbuliwa. Kisha kijana mmoja akasema: basi chama kitoe franka, tununue mbwa tano, tuwinde. Mzee mmoja wa kwetu akacheka, akasema: «Mutoto yangu, imbwa mnaweza kununua. Kundi halinunuliwi.»

Nimeombwa kuandika historia kidogo kwa gazeti letu, na nimechagua neno hilo la mzee. Maana ndani yake mna historia yetu yote: tulikotoka, tulivyokimbia, na kile ambacho hatukukikuta tuliporudi.

Mbwa na watu wa pori letu

Huku mashariki mwa Congo, mbwa hakuwa mlinzi wa mlango. Alikuwa mfanyakazi wa pori. Kwa Babembe, Balega na Banyanga, na kwa Wambuti wa Ituri, mbwa walikwenda na watu kuwinda, na kazi yao ilijulikana. Kule Ituri kuna Wambuti wanaowinda kwa nyavu: wanaume wanaunganisha nyavu zao kama nusu duara, wanawake wanapiga kelele kusukuma wanyama ndani. Kuna wengine wanaowinda kwa upinde, na hao ndio wanaomtegemea mbwa zaidi, ju ya mbwa ndiye anayemtoa mnyama mafichoni.

Mbwa yenyewe mnaijua: ndogo, masikio yamesimama, mkia umejikunja, haipendi kubweka ovyo. Kwa sababu hiyo wazee walichonga kengele ya mti, wakaifunga shingoni au kiunoni. Mwindaji haoni mbwa katika majani marefu, lakini anaisikia kengele. Ikienda polepole, mbwa inatafuta. Ikikimbia, imeona. Ikipiga mahali pamoja bila kusonga, mnyama amesimama. Babu yangu alikuwa anaziba kengele kwa majani mabichi wakati wa kwenda, ili isilie njiani. Alizibua tu akifika mahali pa kuachia mbwa. Leo kengele za namna hiyo ziko katika nyumba za makumbusho huko Ulaya, nyuma ya kioo.

Hata katika hadithi kubwa ya Mwindo ya Banyanga, ile ambayo Daniel Biebuyck aliiandika mwaka 1956 kutoka kinywani mwa Shé-Kárisi Rureke, ngulube wamo. Mwindo alitamani nyama ya ngulube ya pori, akatuma Wambote wake wakamwindie. Katika safari hiyo ndipo walipokutana na Kirimu, lile dubwana lililowameza. Wazee walikuwa wanajua: kumfuata ngulube si mchezo wa watoto.

Mbwa waliokwenda ng'ambo kabla yetu

Watu wengi hawajui kwamba mbwa za Congo zilikimbilia ugenini mapema kuliko sisi. Mwaka 1895 mbwa kutoka huku walionyeshwa katika maonyesho makubwa ya mbwa ya Crufts, London. Wakafa kwa ugonjwa baada ya muda mfupi. Mwaka 1937 mama mmoja Mwingereza, Olivia Burn, alionyesha wengine pale pale, na safari hii walibaki. Wakapewa jina «Basenji». Jina hilo linatokana na neno lile lile tunalolijua, shenzi. Kwa hiyo mbwa ya «mshenzi» ikawa mbwa ya bei kubwa, yenye karatasi ya ukoo.

Lakini kwa kuwa walizaliana kutoka kwa mbwa wachache tu, magonjwa ya damu yakaingia, hasa ya figo. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani wakaja kaskazini-mashariki mwa Zaire, vijijini, kutafuta mbwa wapya wa kuongeza damu. Mwaka 1990 kitabu cha ukoo cha Marekani kikafunguliwa kuwaandika. Nawaambia hili kwa sababu moja: watu wa mbali walijua kwamba kitu kikikatwa kutoka kwao, kinadhoofika, na dawa ni kurudi kijijini kuuliza. Na sisi wenye kijiji tulikuwa bado tunasema, «ni mbwa tu».

Mwaka 1996

Mwezi wa 10 wa 1996 vita ilifika Uvira na Fizi. Wenye mtumbwi walipanda mtumbwi, wengine walingoja masuwa, tukavuka Tanganyika kwenda Kigoma. Nilikuwa mtoto. Sikumbuki mizigo tuliyobeba, lakini nakumbuka mbwa. Zilisimama kwenye mchanga. Mbwa ya babu, ile mzee iliyokuwa inaongoza, iliingia majini mpaka kifuani ikatuangalia. Babu hakugeuka. Baadaye kambini alisema jambo moja tu: «Tuliacha walimu.»

Sisi wadogo hatukumwelewa. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo wa 1996, Lugufu mwaka uliofuata. Tulisoma, tukapokea posho ya unga na maharagwe, tukacheza mpira. Lakini hatukuruhusiwa kwenda mbali zaidi ya kilomita 4 bila kibali, na kuwinda ilikuwa marufuku kabisa. Kijana aliyezaliwa pale akafika miaka kumi bila kuona mbwa ikifuata harufu. Mzee aliyejua akafa na ujuzi wake ndani ya nyumba ya udongo. Babu yangu ni mmoja wao, yuko kule ng'ambo hata leo.

Kurudi kwa utaratibu kulianza mwezi wa 10 wa 2005, kutoka Kigoma mpaka Baraka. Tukakuta mashamba yamekuwa vichaka. Na katika vichaka, mwenye nyumba alikuwa ngulube.

Kwa nini ngulube anatushinda

Ngulube ya pori anakwenda usiku, kwa familia, dume na majike na watoto pamoja. Mkubwa anaweza kupita kilo 80. Jike anazaa watoto watatu au wanne kwa mara moja. Anakula karibu kila kitu: muhogo, karanga, mahindi, mizizi, hata mizoga. Anachimba kwa pua, kwa hiyo hali tu, anaharibu na kile ambacho hakuli. Chui, aliyekuwa anampunguza, amekuwa haba.

Tulivyoanza kupambana naye, tulifanya kosa ambalo kijana wetu alitaka kulirudia. Tulikusanya mbwa tano kutoka nyumba tano. Kila mwenye mbwa alisifu yake. Alfajiri tukaingia. Kabla ya kuona ngulube mbwa mbili zilikuwa zimeshaumana. Tulipomkuta dume, mbwa moja jasiri ilimrukia peke yake, na zile nne zikasimama mbali zinabweka. Dume aliinua kichwa mara moja tu. Meno yake ni kama kisu. Mbwa ikafa mikononi mwetu, ngulube akaenda zake, na wanaume wawili waliacha kuzungumza mwaka mzima: mmoja alidai alipwe mbwa, mwingine alisema hakumwita.

Hapo ndipo tulipomwendea mzee yule aliyecheka mkutanoni. Yeye hakukimbia mwaka 1996, alijificha milimani. Alikuwa na jike moja mzee wa kizazi cha mbwa za zamani.

Kundi linavyojengwa

Alituchukulia watoto watatu wa mbwa, wa tumbo moja, na kazi ikachukua zaidi ya mwaka. Naandika alivyofanya.

Kwanza kula. Watoto walikula saa moja, uwanja mmoja, pamoja na jike mzee, lakini kila mmoja na kibakuli chake. «Imbwa inayogombea chakula nyumbani, itagombea ngulube porini,» alisema.

Pili kuitwa. Kila alipoleta chakula alipiga pembe. Baada ya wiki chache pembe ikilia walikuja mbio hata wakiwa wanacheza. Mbwa isiyorudi ikiitwa, alisema, si mbwa yako.

Tatu mbuzi na kuku. Aliwafunga kamba karibu na mbuzi siku nzima mpaka wakawazoea na kuwachoka. Mbwa moja ikila mbuzi ya jirani, kesi yake inaweza kula faida ya mwaka mzima.

Nne harufu. Walipofika kama miezi sita alikokota kipande cha ngozi ya ngulube jioni kupitia shambani, mita chache, akaficha mwisho wake na nyama kidogo. Kila mara aliongeza umbali, akapitisha kwenye kijito na kwenye majani mengine. Na hapa ndipo hekima yake: hakuwaachia wote watatu pamoja. Alianza na mmoja na jike mzee. Kesho yake mwingine. Kisha wawili. Watatu pamoja ilikuwa mwisho kabisa. Watoto wakiachiwa wote kwa mara moja wanafuatana wenyewe kwa wenyewe, hakuna anayefuata harufu.

Tano kusimamisha. Sisi tulidhani kazi ya mbwa ni kuuma. Sivyo. Ngulube akichoka kukimbia anaweka mgongo kwenye mti au kichaka, anageuza uso. Akikutana na mbwa moja, anaishambulia na kuimaliza. Akizungukwa na tatu, akimrukia wa mbele, wa nyuma anamgusa mguu, anageuka. Akigeuka, wa kwanza anarudi. Hivyo hasongi, na watu wanafika na mikuki. Umbali wa kusimama mtu hawezi kumfundisha mbwa kwa maneno. Jike mzee ndiye aliyefundisha, watoto wakamwangalia. Safari za kwanza alitafuta ngulube mdogo aliyetengana na wenzake, hakukubali kabisa jike mwenye watoto. Dume mkubwa walikuja kumwona baada ya kupita mwaka mmoja.

Sita fungu. Mnyama akianguka, mbwa zilifungwa kwanza. Kisha kila moja ilipewa chake, ikiwa ni pamoja na ile iliyochelewa. Na nyama ya watu iligawanywa papo hapo: mwenye shamba, wenye mikuki, mwenye mbwa, na mjane wa karibu. Nilimuuliza kwa nini mbwa iliyochelewa ipewe sawa. Akanijibu: «Ukiinyima, kesho haitakuja. Na wewe utabaki na mbili.»

Nilimkumbuka babu siku ile. Tuliacha walimu. Alikuwa anasema juu ya mbwa, kumbe alikuwa anasema pia juu ya watu.

Yale tusiyopaswa kusahau

Wazee wanasema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Lakini ukali una mipaka yake. Tangu mwaka 1982 nchi yetu iko na sheria ya kuwinda, na mwaka 2014 ikaongezwa ya kulinda mazingira. Ndani ya hifadhi, kama ile ya Itombwe, hatuingii na mbwa wala mkuki. Tunalinda mashamba, na kabla ya kutoka tunamjulisha sultani na wakubwa wa mazingira. Sumu na moto hatutumii.

Mbwa wachanjwe kichaa cha mbwa wakifika miezi mitatu, na kila mwaka tena. Mtu akiumwa na mbwa, aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje kuona.

Tena ngulube ya pori anaweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika bila yeye kuugua. Mtu haimpati, mbwa haimpati, lakini nguruwe za nyumbani zinakufa zizi zima. Basi matumbo na damu vifukiwe porini, na mabaki yasitupwe kwenye zizi. Fungu la mbwa lipikwe.

Kwa mkutano ujao

Mbwa wale watatu leo ni wakubwa. Mwaka jana jike mzee alikufa kwa uzee wake, akazikwa chini ya mwembe. Mmoja wa wale watatu alizaa, na mzee amesema watoto wanne ni wa chama, si wa mtu.

Pendekezo langu ni hili. Tusigawe watoto hao nyumba nne. Wakae uwanja mmoja, kwa mzee, na vijana wanne wa chama wapangwe kwenda kuwalisha kwa zamu na kujifunza naye. Chakula chao kitoke kwenye sanduku letu. Mbwa ikifa kazini, hasara iwe ya wote, ili wanaume wasiache tena kuzungumza. Na shamba la kwanza kulindwa liwe la yule mama aliyelima miezi tisa.

Mzee wetu amezeeka. Safari hii hatuna haki ya kusema tulikuwa tumekimbia.