Kupashwa Habari kwa Bikira Maria
Fra Angelico, San Marco, Florence. Lipu mbichi, katikati ya karne ya 15

Watawa wa Kidominiko walipanda ngazi hizi kuelekea vyumbani mwao, na picha hii ndiyo iliyowalaki. Maandishi yaliyo chini yake yanamwagiza apitaye mbele ya Bikira asisahau kusema Salamu Maria. Mchoraji, mtawa mwenzao, aliwachorea mahali pa kusali.

Tazama alivyopunguza mambo. Malaika Gabrieli na Maria wanainamiana, mikono imepishana kifuani. Ukumbi ni mtupu, Maria amekalia kigoda cha mbao. Bustani yenye uzio ni ishara ya kale ya ubikira wake. Rangi nyingi zimewekwa kwenye mabawa ya Gabrieli. Kwa usahili huu, huwezi kudhani kwamba aliyegharamia ujenzi wa nyumba hii ya watawa ni Cosimo de' Medici, tajiri wa benki.

Katika chumba namba 3 tukio limerudiwa, safari hii bila bustani. Pembeni anasali Petro wa Verona, Mdominiko aliyeuawa mwaka 1252. Hakuwapo Nazareti Maria alipopashwa habari, bila shaka. Yupo kumfundisha mwenye chumba namna ya kutazama.

Fra Angelico alifariki Roma mwaka 1455. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mwaka 1982.