Takwimu Bima au Hisabati: Uzito wa Jina la Shahada

Kijana aliyepata alama ya juu ya hisabati katika kidato cha nne Kenya, au cha sita Tanzania, hukuta ushauri umekwisha kuandaliwa: akasome takwimu bima, fani ya kukadiria hatari na bei za bima. Wazazi huupenda kwa kuwa kazi yake inatajika. Hisabati, kwa mtazamo wao, humfikisha mtu ubaoni kushika chaki. Ninaupinga ushauri huo, ingawa takwimu bima ni fani yenye hadhi yake. Shahada haimfanyi mtu kuwa mtakwimu bima.

Kinachomfanya awe ni mitihani ya chama cha taaluma. Kwetu hufuatwa zaidi kile cha Uingereza, Institute and Faculty of Actuaries, kilichozaliwa mwaka 2010 baada ya chama cha London cha 1848 kuungana na cha Edinburgh cha 1856. Wengine hufuata Society of Actuaries ya Marekani. Mitihani ni mingi, ada zake ni za fedha za kigeni, na walio wengi huimalizia wakiwa kazini. Mtihani wa uwezekano wa Wamarekani, ambao kwa kawaida ni wa mwanzo kabisa, hufanywa hata na aliyesoma fizikia. Faida ambayo shahada ya takwimu bima inaweza kujivunia ni msamaha: pale chuo kinapotambuliwa na chama, mwanafunzi akifaulu kozi fulani kwa kiwango kilichowekwa, husamehewa karatasi inayolingana nayo. Huo ni muda na ni fedha nyingi kwa familia ya kawaida. Msamaha usipokuwapo, sioni sababu ya kuikimbilia shahada hiyo. Ajabu ni kwamba waombaji wachache huuliza habari zake kabla ya kujaza fomu.

Tuchukue hesabu moja. Kampuni inamwahidi mtu wa miaka 50 kwamba akifika 60 akiwa hai atalipwa shilingi 1,000,000. Tuseme riba ni asilimia 8 kwa mwaka na uwezekano wa kufika ni 0.9. Thamani ya leo ya milioni hiyo ni kama 463,000. Zidisha kwa 0.9, unapata takriban 417,000, bei ya ahadi kabla ya gharama na faida ya kampuni. Mwanafunzi wa mwaka wa pili huimaliza haraka. Lakini hiyo 0.9 imetoka wapi? Kenya kwa miaka mingi ilitegemea jedwali la vifo la Uingereza, lililojengwa kwa takwimu za 1949 hadi 1952, kabla ya kampuni za bima kupata majedwali ya nchi yenyewe. Kuunda jedwali kutokana na kumbukumbu chache, zenye mapengo, ambamo baadhi ya wateja waliacha kulipa na hatujui walikufa lini, ni kazi ya takwimu za juu. Takwimu hizo zinasimama juu ya nadharia ya uwezekano, nayo inasimama juu ya uchanganuzi halisi (real analysis), kozi ambayo programu nyingi za takwimu bima huigusa juu juu au huiruka. Na hiyo asilimia 8, nani anaidhamini kwa miaka kumi?

Historia ya fani yenyewe inashuhudia hivyo. Filip Lundberg wa Sweden aliweka msingi wa nadharia ya hatari katika tasnifu yake ya 1903, lakini maandishi yake yalikuwa magumu hata kwa wenzake. Aliyeyapa sura iliyo wazi na uthibitisho kamili ni Harald Cramér, ambaye tasnifu yake ya 1917 ilihusu mfululizo wa Dirichlet, jambo lisilo na harufu yoyote ya bima. Baadaye alifanya kazi katika kampuni ya bima, na mwaka 1929 akawa profesa wa kwanza wa hisabati ya bima na takwimu za kihisabati huko Stockholm. Sidai kwamba kila msomi wa aljebra ni Cramér. Nadai kwamba njia ya kutoka hisabati kwenda bima imepitika muda mrefu, na ya kurudi ina mwinuko mkali.

Wapo watakaosema, na wana hoja, kwamba ofisa ajira husoma jina la shahada kabla ya kusoma orodha ya kozi. Tangazo likitaka takwimu bima, mwenye hisabati anaweza kuwekwa kando bila kuitwa. Tena shahada ya hisabati isiyo na takwimu, fedha wala uandishi wa programu za kompyuta haimsaidii anayetaka bima. Dawa ya yote mawili ni kuwa na karatasi mbili za chama mkononi kabla ya kuhitimu. Mwajiri wa bima anajua maana yake kuliko jina lolote la shahada.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, ni la vyuo. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi takwimu bima hufundishwa chini ya paa la hisabati, na kalkulasi, aljebra mstari na uwezekano ni mahitaji ya shahada zote mbili. Basi kwa nini mwombaji alazimishwe kuchagua kabla hajaliona jedwali la vifo hata moja? Miaka miwili ya kwanza iwe ya pamoja, uchanganuzi halisi ukiwamo, na uchaguzi ufanyike mwanzoni mwa mwaka wa tatu, orodha ya misamaha ikiwa imebandikwa ubaoni.