Habari ya Kifo Iliyotangulia Kifo

Msomaji, wewe uandikaye habari za shule yenu, ukutani au katika simu, yakupasa kuyajua yaliyowapata wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, usiku wa Jumamosi, tarehe 21 Januari 2012.

Wanafunzi hao walikuwa na chombo chao cha habari, Onward State, kilichoanzishwa mwaka 2008. Hakikupigwa chapa, kilisomwa katika intaneti, na habari za haraka kilizitoa katika mtandao wa Twitter. Siku zile watu wengi walikuwa wakingoja habari za mzee Joe Paterno, mwenye miaka 85, aliyekuwa mwalimu mkuu wa timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani tangu 1966 hata alipoondolewa mwaka 2011. Alikuwa akiugua saratani ya mapafu, na hali yake ilikuwa mbaya.

Mwandishi mmoja akaleta barua pepe iliyosemekana imetoka kwa mkubwa wa idara ya michezo, kuwaarifu wanamichezo kwamba mzee amefariki. Wahariri wakataka shahidi wa pili, na hapo walifanya vyema. Akatokea mwandishi mwingine akathibitisha kwamba barua hiyo imewafikia wachezaji. Basi habari ikatolewa. Angalia mtego ulipokuwa: mashahidi walikuwa wawili, lakini wote waliishuhudia barua, hapana aliyekishuhudia kifo. Nayo barua, kama ilivyojulikana baadaye, haikutoka kwa mkubwa yule, na ukweli wa shahidi wa pili ukatiliwa shaka.

Gazeti la karatasi lilikuwa na saa kadhaa baina ya kuandikwa na kuuzwa, na katika saa hizo uwongo mwingi ulifia mezani kwa mhariri. Twitter haikuwa na saa hizo. Mara CBS Sports, shirika kubwa la watu wazima wenye mishahara, likaitangaza habari ile bila hata kutaja limeipata wapi. Nionavyo mimi, hao wastahili lawama kuliko wanafunzi. Mwana wa Paterno, ambaye baba yake alikuwa bado anavuta pumzi, alilazimika kuingia katika mtandao uleule kuwaambia watu kwamba baba angali anapigania uhai.

Mhariri msimamizi wa Onward State aliomba radhi, akajiuzulu usiku uleule. Paterno alifariki asubuhi ya kesho yake.