Kwa nini mtu haachi mfumo wa kompyuta aliouzoea

Mpe iPhone mtu aliyezoea simu ya Android, hata kwa dakika tano tu, utamwona anapapasa. Anatafuta pa kurudi nyuma hapaoni, anatafuta picha zilipo hazioni, mwisho anairudisha kwa mwenyewe akisema simu hii ina mambo mengi. Simu haina kosa. Kinachomsumbua ni mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoamsha chombo, kupokea amri za vidole na kuziendesha programu nyingine zote.

Kwenye kompyuta mifumo inayojulikana zaidi ni mitatu: Windows ya kampuni ya Microsoft, macOS ya Apple, na Linux ambayo haimilikiwi na kampuni moja. Watumiaji wake hubishana kama mashabiki wa Simba na Yanga. Sisi tunaona mapenzi hayo huja baadaye. Kinachotangulia ni mazoea, na gharama ya kuyaacha.

Mwaka 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta iliyotumia mfumo wa Microsoft, lakini Microsoft ikabaki na haki ya kuuza mfumo huo kwa watengenezaji wengine. Wengi wakaiga mashine ya IBM, bei zikashuka, na mashine hizo za bei nafuu zikaja na mfumo wa Microsoft. Windows ya kwanza ilitoka 1985. Ndiyo maana hadi leo ukiingia steshenari au chuo cha kompyuta, mara nyingi utakuta Windows. Wengi hawakuichagua, waliikuta. Wakajifunzia hapo, fundi wa jirani naye anaijua hiyo hiyo, basi wakakaa. Hata inapogoma katikati ya kazi huvumilia: zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Apple hutengeneza mashine na mfumo wake pamoja. Macintosh ya 1984 ilikuwa na kipanya na picha za kubofya, wakati kompyuta nyingi bado zilitaka amri za kuandika. Mwaka uliofuata ikapata printa ya leza na programu ya kupanga kurasa, na wapangaji wengi wa magazeti na vitabu wakahamia huko. Linux ilianza 1991, pale Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki nchini Finland, alipoanza kugawa kazi yake bure. Yeyote mwenye ujuzi anaruhusiwa kuifungua, kuirekebisha na kuigawa tena, na wapenzi wake hujivunia uhuru huo. Wewe msikilizaji mwenye Android usijione uko mbali nao: kiini cha Android ni Linux.

Mazoea yenyewe yamo vidoleni. Kunakili maneno kwenye Windows ni kubonyeza Ctrl na C, kwenye Mac ni Command na C. Dirisha hufungwa kwenye kona ya kulia huku, ya kushoto kule. Ni vitu vidogo, lakini anayevifanya mara mia kwa siku akibadilishiwa anajiona mjinga ghafla. Microsoft wenyewe walilionja hilo mwaka 2012 walipotoa Windows 8 bila kitufe cha kuanzia kilichokuwa chini kushoto. Malalamiko yalikuwa mengi mno. Mwaka uliofuata kitufe kikarudishwa. Watu hawakuwa wakiitetea kampuni, walitetea walichokizoea.

Mfano mkubwa zaidi tunaoujua ni wa jiji la Munich, Ujerumani. Mwaka 2003 viongozi wake waliamua ofisi za jiji ziache Windows na kutumia Linux. Mkuu wa Microsoft wakati huo, Steve Ballmer, alisafiri hadi huko kujaribu kuwazuia. Hawakumsikiliza, na kufikia 2013 kompyuta zaidi ya 14,000 zilikuwa zimehamishwa. Hata hivyo baadhi ya wafanyakazi walinung'unika, na nyaraka zilizotoka ofisi za nje, ambako Windows ilitumika, wakati mwingine zilifunguka vibaya. Siasa nayo ikaingia. Mwaka 2017 baraza la jiji likaamua kurudi Windows. Kuhama peke yako wakati unaofanya nao kazi wamebaki walikokuwa ni mzigo, hata kwa jiji tajiri.

Jambo hili linatugusa sasa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10, na waliojiandikisha wakaongezewa mwaka mmoja wa marekebisho ya usalama. Kompyuta haizimiki kwa sababu hiyo, lakini bila marekebisho, matundu mapya ya usalama hayazibwi. Kwa steshenari inayopokea flashi za kila mtu, au kikundi cha kuweka na kukopa kinachotunza hesabu za wanachama humo, hiyo ni hatari ya kweli. Windows 11 nayo hukataa mashine nyingi za zamani.

Asiye na fedha za mashine mpya anaweza kujaribu Linux. Mojawapo ni Ubuntu, iliyoanzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ni ndugu wa neno letu utu. Mwombe fundi anakili kwanza mafaili yako yote pembeni, kisha aiwashe Ubuntu kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha. Jaribu kuchapa karatasi moja. Fungua faili la hesabu uone kama namba zimekaa sawa. Programu ya mahasibu iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows pekee huenda ikakataa, na kama kazi yako inaitegemea, ni afadhali ulijue hilo mapema. Isipofaa, zima, chomoa flashi na uwashe tena. Windows yako utaikuta ilivyokuwa.