Mikeka na Mazulia Ukutani: Habari za Pambo la Nyumba katika Uzaramo na Pwani

Katika nyumba za saruji zinazozidi kujengwa Kongowe, kandokando ya barabara ya Morogoro, na zaidi katika majumba ya ghorofa ya Dar es Salaam, siku hizi twaona ukutani mikeka ya rangi, kanga zilizonyoshwa, na vitambaa vizito vilivyofumwa ng'ambo. Wapo wazee wasiopenda jambo hili. Husema mkeka ni wa kukaliwa, tena kuvisha ukuta nguo ni desturi ya Wazungu. Neno la kwanza lina haki yake katika Uzaramo. La pili si kweli, nasi twataka kueleza sababu.

Yafaa tuanze na lugha, maana Kiswahili hutenga kazi ambazo wageni wengi huzichanganya. Mkeka husukwa: ukindu huchanwa chane nyembamba, hutiwa rangi, husukwa ukili mrefu, kisha kili hushonwa ubavu kwa ubavu hata mkeka ukamilike. Nguo hufumwa: nyuzi za mtande hutandwa katika kitanda cha mfumi, na uzi wa mshindio hupitishwa katikati yake. Kazi ya sindano juu ya nguo iliyokwisha kufumwa ni kazi ya tatu, nayo ni kutarizi. Hata Ulaya watu hukosea hapa. Kitambaa mashuhuri cha Bayeux, katika Ufaransa, cha karne ya 11, chenye urefu wa mita karibu 70, wengi hudhani kimefumwa pamoja na picha zake. Kumbe ni tarizi.

Sasa tuitazame pwani. Huko Gedi, karibu na Malindi, ambako James Kirkman alianza kuchimbua mwaka 1948, kuta za mawe za nyumba kubwa zina matundu ya vigingi, nayo yameelezwa kuwa ya kutundikia mazulia na nguo. Vyumba vya nyumba za namna hii, hapo Gedi na Songo Mnara karibu na Kilwa, ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko. Mgeni aketiye humo huwa na ukuta wa chokaa mbele ya macho yake, hatua chache tu. Si ajabu mwenye nyumba alitaka kuuvisha.

Wala nguo zote hazikutoka ng'ambo. Ibn Battuta, aliyepita mwaka 1331, aliandika kwamba nguo za Mogadishu zilipelekwa hata Misri. Kilwa wachimbuzi wameokota vigae vilivyotobolewa katikati, vya kusokotea pamba. Na Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, alisimulia kwamba watu wa Sofala walifumua nguo za buluu za Cambay, wakazifuma tena pamoja na nyuzi zao nyeupe.

Kazi hiyo ilidhoofishwa na bei. Baada ya mkataba wa Seyyid Said na Marekani wa mwaka 1833, merikani ilizidi kumiminika Unguja na mrima, na mfumi hakuweza kushindana nayo. Lakini neno lake halikufa. Kufuma kulihamia katika sindano za wanawake, na vitambaa vya kufuma ndivyo vifunikavyo viti na meza mpaka leo. Mtande na mshindio havikupata bahati hiyo. Vijana wengi hawavijui.

Katika Uzaramo mambo yalikuwa mengine. Nyumba ilikuwa ya miti na udongo. Ukuta ulitoa vumbi, moshi wa jiko uliupaka masizi, na mkeka ulioachwa umeugusa uliliwa na mchwa. Kwa hiyo mkeka mzuri ulikunjwa ukawekwa, na heshima ya mgeni ilikuwa kutandikiwa. Lugha yashuhudia: twasema kutandika mkeka, twasema kukunja jamvi, yaani kumaliza shughuli, lakini hatujapata kusikia msemo juu ya mkeka uliotundikwa. Basi mzee asemaye ni wa kukaliwa asema kweli ya nyumba yake, naye kijana hakuijenga nyumba ile.

Kwa habari ya jina, wengine wameanza kusema tapestri. Hatuoni haja. Kilichosukwa kiitwe mkeka wa ukutani, na kilichofumwa kizito kiitwe zulia la ukutani.

Lililo zito zaidi ni la msusi mwenyewe. Mkeka wa kulalia hujaribiwa kila usiku, na mshono kati ya kili ndio huachia kwanza. Hapo ndipo fundi hujulikana. Mkeka wa ukutani hujaribiwa kwa jicho tu. Tumekwisha kuona iliyo mizuri kwa rangi, ambayo mshono wake, ukiupindua nyuma, ni wa mbali mbali kama wa gunia. Mnunuzi wa ghorofani haupindui. Naye msusi ajua hivyo, na bei ni ile ile.